Dhamana Isigeuzwe Hukumu

Miongoni mwa mambo ambayo sheria humtaka jaji ayafanye, ni machache yaliyo mazito kama lile ambalo sheria ya India ya dawa za kulevya humtaka alifanye siku mshitakiwa anapoletwa mbele yake kuomba dhamana. Kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa, kabla mkemia wa serikali hajaulizwa aliupimaje unga ule, na kabla wakili wa utetezi hajapata nafasi ya kumhoji askari aliyefanya upekuzi, jaji huyo anatakiwa ajiridhishe kwamba ziko sababu za maana za kuamini kuwa mtu huyu hana hatia, na tena kwamba akiachiwa hatatenda kosa lolote. Asiporidhika kwa yote mawili, mlango hufungwa, na mshitakiwa hurejeshwa mahabusu akangoje kesi ambayo pengine itamaliza ujana wake.

Mwandishi wa makala haya hana huruma na tajiri anayejenga maghorofa kwa fedha zilizotokana na kuharibika kwa watoto wa wenziwe, wala hadai kwamba kila aliyekamatwa na mzigo aachwe aende zake. Analodai ni hili: serikali iliyojipa uwezo wa kumzuia mtu bila dhamana haina budi kuulipia uwezo huo kwa wepesi wa kuhukumu, na ikishindwa kuhukumu katika muda uliowekwa, dhamana iwe haki ya mshitakiwa, isiwe bahati yake.

Tutazame kisa kimoja kilichofika katika Mahakama ya Juu ya India. Mwaka 2015, huko Delhi, polisi walikamata bangi ya kilo 180, na kijana mmoja wa miaka 23, ambaye hakukutwa na mzigo huo, akatajwa na waliokamatwa nao, naye akatiwa mbaroni. Hata ilipofika Machi 28, 2023, siku ambayo majaji S. Ravindra Bhat na Dipankar Datta walitoa uamuzi wao juu ya ombi lake la dhamana, kijana huyo alikuwa amekwisha kukaa mahabusu zaidi ya miaka 7; mashahidi wapatao 30 walikuwa wamesikilizwa, na wengine zaidi ya 30 walikuwa bado. Majaji hao walimwachia kwa dhamana, wakaeleza kwamba masharti ya sheria yakisomwa kwa ukavu wa maneno yake, dhamana itakuwa imeondolewa kabisa na mahabusu itakuwa imegeuka kifungo. Na kwa hiyo inatosha jaji atazame yale yanayodhihiri katika faili lililo mbele yake, bila kujitia kuamua kesi nzima.

Uamuzi huo ulikuwa wa insafu. Lakini yafaa tujiulize ni sheria ya namna gani hii, ambayo ili mtu apate nafuu yake ilimbidi kwanza apoteze miaka 7, kisha afikishe shauri lake katika mahakama ya mwisho ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, kisha abahatike kusikilizwa na majaji wenye mawazo kama ya wawili hao.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka 1985, katika zama za Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, ikaanza kutumika Novemba 14 ya mwaka huohuo. Ilizifuta sheria kongwe za afyuni za mwaka 1857 na 1878, pamoja na sheria ya dawa za hatari ya mwaka 1930, zote zikiwa urithi wa utawala wa Kiingereza, na ikaitimizia India ahadi iliyojifunga nayo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961. Mwaka 1989 Bunge liliongeza ukali: ndipo kifungu cha 37, kilicho kiini cha mjadala huu, kilipotiwa masharti mawili niliyoyataja, na ndipo ilipoingizwa hukumu ya kifo kwa baadhi ya wanaorudia makosa makubwa. Mwaka 2001 Bunge lilirudi tena, safari hii likiwa na mizani mkononi, likaamua kwamba adhabu ifuate uzito wa kitu kilichokamatwa.

Tangu hapo kila dawa ina viwango vyake. Heroini isiyozidi gramu 5 ni kiasi kidogo, na inayozidi gramu 250 ni kiasi cha biashara. Kokeini ni gramu 2 na gramu 100. Charasi, yaani utomvu wa bangi, ni gramu 100 na kilo 1. Afyuni ni gramu 25 na kilo 2 na nusu. Bangi ni kilo 1 na kilo 20. Mwenye kiasi kidogo hukabiliwa na kifungo kisichozidi mwaka 1, mwenye kiasi cha kati kisichozidi miaka 10, na mwenye kiasi cha biashara hafungwi chini ya miaka 10 wala zaidi ya miaka 20, tena pamoja na kazi ngumu na faini ya rupia laki moja hadi laki mbili. Kifungu cha 37 humbana huyu wa mwisho, pamoja na anayetuhumiwa kuigharimia biashara hiyo au kuwaficha wahalifu wake, na wengine wachache waliotajwa. Wakili wa Serikali akisimama kupinga dhamana, naye aghalabu husimama, jaji hana njia ila kupita katika masharti yale mawili.

Mtu asidhani kwamba sheria hii ni ya watu wasiojua kupambanua mambo. Katika majimbo ya Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh wako wakulima wanaolima mpopi kwa leseni ya serikali, na afyuni yao hupelekwa katika viwanda vya serikali vya Neemuch na Ghazipur ili itengenezwe dawa za kutuliza maumivu ya wagonjwa. Jani tupu la mmea wa bangi, ambalo Wahindi hulisaga na kulinywa katika sikukuu ya Holi, halimo katika makatazo ya sheria hiyo, ambayo huhesabu utomvu wa mmea na vilele vyake vyenye maua, na katika baadhi ya majimbo jani hilo huuzwa katika maduka yenye kibali. Basi Bunge lililoweza kutofautisha jani na ua la mmea mmoja, na mkulima mwenye leseni na asiyekuwa nayo, halina udhuru wa kushindwa kumtofautisha utingo wa lori na tajiri mwenye mzigo.

Si adili kuishutumu sheria bila ya kuusikiliza utetezi wake, nao utetezi huu una uzito. India imekaa baina ya mashamba mawili makubwa ya mpopi duniani: upande wa magharibi ziko Afghanistan, Pakistan na Iran, na upande wa mashariki ziko Burma, Laos na Thailand. Jimbo la Punjab, linalopakana na Pakistan, limekwisha kuona vijana wake wengi wakiteketea kwa heroini. Septemba 2021, katika bandari ya Mundra jimboni Gujarat, yalifunguliwa makontena yaliyoandikwa kuwa na poda ya talki kutoka Afghanistan, yaliyopitia bandari ya Bandar Abbas nchini Iran, nayo yakakutwa na heroini inayokaribia tani 3. Mwenye uwezo wa kusafirisha mzigo wa namna hiyo ana uwezo pia wa kununua pasipoti, kununua shahidi, na kutoweka usiku mmoja asionekane tena. Ndiyo sababu Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa mwaka 1999, ilisema kwamba muuaji humwua mtu mmoja au wawili, ilhali mfanyabiashara wa dawa hizi ni chanzo cha mauti ya wengi wasio na hatia.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haki ya kulitazama jambo hili kama mkasa wa ng'ambo usiotuhusu. Heroini ya Afghanistan huteremka hadi pwani ya Makran, ikapakiwa katika majahazi, ikavuka bahari ileile waliyoivuka wafanyabiashara wa tende na ubani, ikashushwa kwetu. Na hapana mtu wa Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja au Dar es Salaam asiyeijua nyumba, kama si yake basi ya jirani yake, iliyokwisha kuuza hata vyombo vya jikoni kwa ajili ya kijana mmoja aliyekuwa teja. Mwenye msiba kama huo akisikia kuwa mshitakiwa wa unga amepewa dhamana, hasira yake inaeleweka.

Pamoja na hayo, hasira, hata iwe ya haki, si ithibati. Ila ya kwanza ya kifungu cha 37 ni kwamba kinamtaka jaji aseme neno juu ya hatia mahali ambapo hana vyombo vya kulisemea. Dhamana, tangu asili yake, huuliza mambo matatu tu: je, mtu huyu atakimbia, je, atawaghasi mashahidi, na je, atawadhuru watu akiwa nje? Kumtaka jaji aamini kwamba mtu hana hatia kabla ushahidi haujatolewa ni sawa na kumtaka mtu aonje pilau ilhali mchele ungali unachaguliwa. Naye jaji mwenye hadhari, akijua kwamba neno lake litanukuliwa na kesho litarushwa usoni pake, huona salama yake ni kukataa. Na sharti la pili ni zito zaidi, kwa maana kumdhaminia mwanadamu kwamba hatatenda kosa lolote katika siku zijazo ni kudai elimu ya ghaibu, ambayo Mwenyezi Mungu hakumjaalia jaji yeyote.

Fauka ya hayo, sharti hilo halisimami peke yake. Kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo huichukulia nia mbaya kuwa imekwisha kuthibiti mpaka mshitakiwa aikanushe kwa ushahidi, na kifungu cha 54 humdhania aliyekutwa na kitu kuwa ametenda kosa mpaka aeleze kilimfikiaje. Mtu basi ajikuta amedhaniwa mkosa kwa vifungu viwili, kisha aambiwe na kifungu cha tatu kwamba hatatoka mpaka aonekane hana kosa. Naye yumo gerezani, mbali na mashahidi wake, mbali na karatasi zake, na mbali na fedha za kumlipa wakili. Katika makosa ya kawaida polisi wa India hupewa siku 60 au 90 kukamilisha upelelezi, la sivyo mtuhumiwa hustahili dhamana. Katika mashauri ya kiasi cha biashara siku hizo ni 180, na mahakama yaweza kuziongeza zifike mwaka mzima.

Kisha iko habari ya mizani yenyewe. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba katika mchanganyiko hupimwa dawa halisi tu. Lakini Aprili 2020 jopo la majaji watatu liliutengua uamuzi huo, likasema kwamba hupimwa mchanganyiko mzima pamoja na unga usio na madhara uliotiwa ndani yake. Natija yake ni kwamba gramu 10 za heroini zilizochanganywa na gramu 245 za unga mtupu huhesabiwa gramu 255, zikawa kiasi cha biashara, na aliyenazo akaangukia kifungu cha 37. Ilhali aliyebeba gramu 240 za heroini safi, ambayo ingetosha kuchanganywa na kuuzwa kwa mamia ya watu, yumo katika kiasi cha kati na masharti yale hayamgusi. Anayebeba unga uliochakachuliwa mara nyingi ni mchuuzi wa kichochoroni au teja anayeuza ili apate wa kwake. Anayebeba ulio safi yu karibu zaidi na chimbuko. Sheria iliyokusudiwa kumshika mkubwa yaweza hivyo kumkaza mdogo na kumlegezea mkubwa, na hili peke yake lilitosha kuwafanya watunga sheria warudi mezani.

Yako pia makosa ya vyombo vinavyokamata. Kwa miaka mingi watu walinyimwa dhamana kwa maelezo waliyoyatoa wenyewe mbele ya maofisa wa dawa za kulevya, maelezo ambayo yangetolewa mbele ya polisi wa kawaida yasingepokewa na mahakama yoyote ya India kuwa ni ungamo. Oktoba 2020, majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba maofisa hao nao ni polisi kwa maana ya sheria ya ushahidi, na maungamo yatolewayo mbele yao hayawezi kumtia mtu hatiani. Sheria ilikuwa imefikisha miaka 35. Ni wangapi waliokaa ndani katika muda huo kwa sababu ya karatasi ambazo mahakama ilikuja kusema hazina nguvu, hilo kila mwenye akili na alikadirie.

Majaji wa India, na hili ni la kuwasifu, hawakulinyamazia jambo hili. Lakini sauti zao zimekuwa mbili. Tangu mwaka 1979, katika mashauri mashuhuri ya mahabusu wa Bihar, Jaji P. N. Bhagwati alikwisha kusema kwamba haki ya kuhukumiwa haraka imo ndani ya ibara ya 21 ya Katiba, inayolinda uhai na uhuru wa mtu. Mwaka 1994, kwa mashauri ya dawa za kulevya yaliyokuwa yamerundikana, Mahakama ya Juu iliamuru kwamba aliyeshitakiwa kwa kosa ambalo kifungo chake cha chini ni miaka 10, naye amekwisha kukaa ndani miaka 5, aachiwe kwa dhamana ya rupia laki moja na wadhamini wawili. Lakini ikasema kwamba amri hiyo ni ya mara moja, si kanuni ya kudumu. Februari 2021, katika shauri la sheria ya ugaidi yenye masharti yanayofanana na haya, ilisema kwamba ukali wa sheria ya Bunge hauwezi kuzifunga mikono mahakama za kikatiba zinapoona kesi haina dalili ya kwisha.

Mwaka uliofuata mgongano ukadhihiri. Julai 11, 2022 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kanuni ya kumwachia mahabusu aliyekwisha kukaa nusu ya kifungo cha juu kabisa inahusu pia sheria maalumu kama hii. Siku 8 baadaye, Julai 19, jopo jingine la mahakama hiyohiyo lilisema kwamba urefu wa muda ambao mtu amekaa mahabusu, peke yake, si hoja ya kumpatia dhamana chini ya kifungu cha 37. Mwaka 2023, baada ya uamuzi wa Machi nilioueleza, mtu mwingine aliyeshitakiwa katika jimbo la Odisha, aliyekaa ndani zaidi ya miaka 3 na nusu, aliachiwa, majaji wakisema kwamba uhuru wa mtu hushinda kizuizi cha sheria pale mahabusu inaporefuka kupita kiasi. Hivyo washitakiwa wawili wenye mzigo wa uzito mmoja na muda mmoja wa kukaa ndani, mmoja aweza kutoka na mwenziwe akabaki, na kilichowatenganisha kikawa ni orodha ya majaji wa siku hiyo.

Wako watakaosema kwamba jambo hili limekwisha kutibiwa na kanuni mpya ya mwenendo wa jinai iliyoanza kutumika India Julai 1, 2024, ambayo kifungu chake cha 479 humpa dhamana mtu asiyepata kuhukumiwa kabla akishakaa theluthi moja ya kifungo cha juu, na wengineo wakishakaa nusu. Hebu na tupige hesabu. Kifungo cha juu cha kiasi cha biashara ni miaka 20: nusu yake ni miaka 10, ambayo ndiyo kifungo cha chini cha kosa lenyewe, na theluthi yake ni miaka 6 na miezi 8. Maana yake ni kwamba mtu huyu atafunguliwa mlango wa dhamana baada ya kutumikia, kabla ya hukumu, sehemu kubwa au kiasi kizima cha adhabu ya chini ambayo angeipata kama angekutwa na hatia siku ya kwanza. Tena kifungu hichohicho humtoa katika faida yake mtu mwenye mashitaka ya makosa zaidi ya moja, na ni nadra kuona hati ya mashitaka ya dawa za kulevya isiyobeba makosa mawili au matatu kwa mpigo. Dawa hii basi, ijapokuwa imetolewa kwa nia njema, haimfikii mgonjwa tunayemzungumzia.

Na tusisahau nani hasa anayelipa. Wasomaji wengi watakumbuka kwamba Oktoba 3, 2021 mwana wa mcheza sinema mashuhuri Shah Rukh Khan alikamatwa kwa shauri la dawa za kulevya baada ya upekuzi katika meli ya abiria huko Mumbai. Yeye mwenyewe hakukutwa na kitu. Alitetewa na mawakili wakubwa kabisa wa nchi, akiwemo aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu, Mukul Rohatgi, na hata hivyo ombi lake lilikataliwa mara mbili katika mahakama za chini kabla Mahakama Kuu ya Bombay haijalikubali Oktoba 28; akatoka gerezani Oktoba 30, na Mei 2022 wapelelezi wenyewe wakasema hawana ushahidi wa kumshitaki. Ikiwa mtoto wa tajiri kama yule, ambaye nchi nzima ilimkodolea macho, alikaa ndani karibu wiki 4, basi dereva wa lori kutoka kijiji cha Odisha, asiyejua Kiingereza cha mahakama, ambaye wakili wake ni wa msaada na ana mafaili mengine lukuki, atakaa muda gani? Jawabu limo katika magereza ya India yenyewe, ambamo katika kila watu wanne waliomo, takriban watatu ni mahabusu wasiopata kuhukumiwa.

Hoja ya kwamba mshitakiwa atakimbia nayo ina majibu. Mahakama yaweza kuchukua pasipoti yake, kumwekea wadhamini wenye mali isiyohamishika, kumtaka aripoti polisi kila wiki, kumkataza kutoka wilayani mwake, na kuifuta dhamana mara tu avunjapo sharti mojawapo. Tena mwenye fedha za kukimbilia ughaibuni, ambaye ndiye anayeogopwa, aghalabu hayumo kizimbani. Yumo mpagazi wake, mtu ambaye hata nauli ya kwenda mji wa pili huikopa. Na serikali inayosema kwamba mshitakiwa ni hatari hata asiweze kuachiwa kwa siku moja, yapasa ioneshe kwa vitendo kwamba kesi yake ni ya haraka kuliko zote; haiwezekani mtu awe wa hatari mno kuachiwa na papo hapo awe si wa haraka kuhukumiwa.

Nini basi kifanywe? Kwanza, Bunge la India liyaondoe katika kifungu cha 37 yale maneno yanayomtaka jaji aamini kwamba mshitakiwa hana hatia, na badala yake limwulize jaji kama faili, kwa jinsi lilivyo, linaonesha kosa la dhahiri dhidi ya mtu huyu hasa, na kama masharti ya dhamana yatatosha kumrudisha mahakamani. Hivyo ndivyo majaji wa Machi 2023 walivyokisoma. Lakini mtu asiachwe ategemee usomaji wa majaji fulani pale ambapo sheria ingeweza kusema wazi. Pili, muda uandikwe: kesi ya kiasi cha biashara isipokwisha katika miaka 2 tangu kukamatwa kwa mtu, wala ucheleweshaji haukutoka kwake, apewe dhamana kwa haki yake, na mzigo wa kuonesha kwa nini asipewe uwe juu ya serikali. Tatu, wabebaji na vibarua watengwe na wenye mali na wagharimiaji, kwa maana uzito wa gunia haumtambulishi mwenye gunia. Nne, mahakama maalumu ambazo sheria yenyewe iliziagiza ziundwe kwa idadi inayolingana na mashauri, na maabara za serikali zipewe wakemia na vifaa vya kutoa majibu kwa wakati. Maana kumnyima mtu dhamana kwa kuwa kosa lake ni kubwa, kisha kumchelewesha kwa kuwa mkemia ni mmoja, ni dhuluma.

Kwetu huku mambo haya si mageni. Mahakama za Afrika Mashariki zililelewa katika sheria za India; Tanganyika iliitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 mpaka Tanzania ilipotunga yake mwaka 1967. Leo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo hufunga mlango wa dhamana uzito unapopita kiasi kilichowekwa, wala jaji hana hata yale masharti mawili ya kupitia. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Tanzania iliona kwamba kifungu cha sheria ya mwenendo wa jinai kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana kinapingana na Katiba. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Kenya imeshika njia nyingine: ibara ya 49 ya Katiba yake ya mwaka 2010 humpa kila aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya maana, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumnyima, na hakuna kosa lililotolewa katika kanuni hiyo. Wote wawili wana la kujifunza katika safari ya India, na zaidi ya wote ni yule aliyefunga mlango bila kuweka muda wa kuufungua.

Wabunge wetu, wa Dodoma na wa Nairobi, na wawakilishi wa Zanzibar, kila watakapoletewa muswada wa kuongeza ukali dhidi ya dawa za kulevya, nao wataletewa, wasiukatae kwa sababu ya ukali wake. Lakini kabla ya kuinua mkono wa ndiyo, wamwulize waziri swali moja: mtu atakayezuiliwa kwa sheria hii atahukumiwa ndani ya muda gani? Waziri akikosa jawabu lililoandikwa ndani ya muswada wenyewe, wamrudishie karatasi zake.